Mungu Habadiliki: Nauli ya Yona

Mafungu: Yona 1:1-3, 3:1-10, 4:1-2, Malaki 3:6

Jumapili baada ya ibada dada mmoja mwalimu alinishika mkono mlangoni akaniuliza, "Pasta, mnasema Mungu habadiliki. Mbona kwa Ninawi alibadilika?" Nilimjibu haraka haraka, na jibu lenyewe halikuwa zuri. Leo tuongee.

Swali lake ni la haki. Yona alitangaza siku 40. Siku zikapita, mji ukabaki umesimama, na 3:10 inatuambia Mungu hakuleta adhabu aliyokuwa amesema. Lakini rudi nyuma kidogo, 3:5-9. Watu walifunga, mfalme akashuka kwenye kiti chake akakaa majivuni. Aliyegeuka ni nani? Ukitoka hapa kanisani kuelekea sokoni na upepo wa vumbi unakupiga usoni, geuka urudi: utakusukuma mgongoni. Upepo ni ule ule. Na sharti halikufichwa. Mungu mwenyewe analieleza katika Yeremia 18:7-8, kwamba taifa likiacha uovu wake, adhabu inaondolewa.

Yona alilijua hilo kabisa. Soma malalamiko yake katika 4:2, halafu ulinganishe na yale Mungu aliyomwambia Musa katika Kutoka 34:6. Karibu ni maneno yale yale! Yona hakukimbia kwa kuogopa kwamba Mungu atabadilika. Alikimbia kwa sababu alijua hatabadilika, atahurumia tu.

Hapa lazima niseme yangu. Desemba iliyopita niliwaaga kama mtu anayeenda likizo. Sanduku langu lilikuwa limefungwa lote. Tangu basi la Nairobi liliposhambuliwa karibu na Mandera tarehe 22 Novemba 2014 na watu 28 wakauawa, sisi tuliotoka sehemu nyingine za Kenya hatupandi basi huku bila moyo kudunda. Mimi nilichoka kudunda. Yona alilipa nauli ya kwenda Tarshishi. Mimi nililipa ya Kitale, kwa mama, nikaanza kuandika barua za kuomba kazi ya benki.

Nilisomea biashara, kwa hiyo usiku nilipiga hesabu. Nimeacha kuomba, nimekimbia kundi, basi salio langu mbele za Mungu limekwisha. Ndiyo, pasta wenu aliuweka wokovu wake kama akaunti. Malaki 3:6 ndiyo iliyonivuruga hesabu. Inasema wana wa Yakobo hawajaangamizwa, na sababu inayotolewa ni kwamba Bwana habadiliki. Salio lao halitajwi. Tena aya inayofuata inawalaumu kwa kugeuka tangu siku za baba zao! Kama wewe umeacha kuja kwa sababu unaona salio limekwisha, soma hizo aya mbili pamoja.

Halafu Yona 3:1. Neno likamjia mara ya pili, mji ule ule, kazi ile ile. Nikalipa nauli ya kurudi.

Ndani ya basi niliketi na mzee mmoja Mwislamu. Alipoona nimenyamaza sana, akanikumbusha Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walipokataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Nikamfikiria Yona, amenuna kwa sababu Mungu amewahurumia watu wasio wake. (Simaanishi Takaba ni Ninawi, jamani. Kwenye basi lile aliyehurumiwa ni mimi.)

Dada mwalimu, najua utauliza na lile la 2014: rehema ilikuwa wapi? Sina jibu la mlangoni. Kitabu cha Yona chenyewe kinaishia kwa swali, na hatuambiwi Yona alijibu nini. Jumatano kwenye ushirika tutasoma sura ya 4 yote. Njooni na madaftari.