Atoli Hujengwaje?

Meli ya watalii itiapo nanga Rangiroa, katika Polinesia ya Ufaransa, huelea katika ziwa la bahari lililozungukwa na pete ya visiwa vya matumbawe. Pete hiyo huitwa atoli. Wajenzi wake ni wanyama wadogo wahitajio mwanga wa jua, wasioweza kujenga katika kina kirefu. Basi walianzaje katikati ya bahari kuu?

Mwaka 1842 Charles Darwin alieleza kuwa walianza kandokando ya volkeno. Ilipozama polepole, wao waliendelea kujenga kwenda juu. Mwaka 1952, huko Enewetak, Visiwa vya Marshall, kekee ilipita zaidi ya mita 1,200 za mawe ya matumbawe ndipo ikagusa mwamba wa volkeno.

Bahari ipatapo joto mno, wajenzi hao hufa. Ujenzi ukikoma, nini kitakachoizuia bahari inayopanda?