UPASUAJI WA NGIRI: JIANDAE VIZURI, UPONE VIZURI

Somo letu la leo linahusu ngiri. Wengi wetu tunaificha chini ya nguo kwa miaka, wengine kwa aibu, wengine kwa kuogopa kisu. Upasuaji wa ngiri ni kazi ya kawaida kwa daktari aliyeizoea. Lakini kazi ya daktari ni nusu. Nusu nyingine ni yako na ya watu wa nyumbani kwako, nayo huanza kabla hujaenda hospitali. Jiulize: nani atanichotea maji? Nani atanitafutia kuni? Nani atanipokelea mgao?

NGIRI NI NINI?

Tumbo lina ukuta wa nyama unaoshikilia matumbo ndani. Ukuta huo ukiwa na sehemu dhaifu au tundu, utumbo au mafuta ya ndani husukumwa na kutokeza chini ya ngozi kama uvimbe. Uvimbe huonekana zaidi unaposimama, unapokohoa au unapobeba mzigo, na mara nyingi hurudi ndani ukilala. Ngiri hutokea kwenye kinena, kwenye kitovu, juu ya paja, au mahali ulipopasuliwa zamani. Wanaume hupata ngiri ya kinena zaidi, lakini wanawake nao hupata ngiri.

Ngiri si uchawi wala si adhabu. Hakuna kidonge, mzizi wala mkanda unaoweza kuziba tundu hilo kwa mtu mzima. Dawa yake ni upasuaji. Kwa mtoto mdogo mwenye ngiri ya kitovu ni tofauti: nyingi huziba zenyewe kabla hajafika miaka 5. Usimfunge sarafu wala kitambaa. Mpeleke tu apimwe.

HATARI YA KUCHELEWA

Siku moja utumbo unaweza kubanwa kwenye tundu, damu isipite, na utumbo ukaanza kufa. Hapo ni suala la saa, si la siku. Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- Uvimbe umekuwa mgumu, unauma sana na haurudi ndani.
- Ngozi juu ya uvimbe imebadilika rangi.
- Unatapika na tumbo limejaa.
- Hupati choo wala hutoi upepo.

Usiusukume kwa nguvu, usichuliwe, usile wala kunywa chochote njiani.

KABLA YA KUPASULIWA

1. Mweleze mganga kila kitu. Taja shinikizo la damu, kisukari, pumu, dawa iliyowahi kukudhuru, na dawa zote unazotumia, hata aspirini na za mitishamba. Mama aseme kama ana mimba au anadhani anayo. Usiache dawa yoyote bila kuambiwa.

2. Tibu kwanza vinavyosukuma tumbo. Kikohozi kisichokwisha, choo kigumu na mkojo unaotoka kwa taabu vyote huweza kurudisha ngiri baada ya kushonwa. Malaria na upungufu wa damu pia vitibiwe mapema.

3. Acha sigara na tumbaku, angalau wiki 4 kabla. Tumbaku huchelewesha kidonda kupona na huleta kikohozi.

4. Panga mambo ya nyumbani. Dumu la lita 20 lililojaa lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Hutalibeba kwa wiki kadhaa. Ongea mapema na ndugu, jirani au watu wa kanisa au msikiti wako. Kama unaishi peke yako, mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako kabla ya tarehe ya rufaa, si baada. Uliza pia kwenye ofisi ya ugawaji ni utaratibu gani unamruhusu mtu mwingine kukuchukulia mgao.

5. Elewa karatasi kabla ya kutia sahihi. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoifahamu. Kama huelewi, omba mkalimani. Uliza: nitapewa ganzi au dawa ya usingizi? Nitalala hospitali siku ngapi? Nyuzi zitatolewa lini?

6. Siku ya upasuaji, oga kwa sabuni na vaa nguo safi. Usijinyoe sehemu ya kupasuliwa kwa wembe, kwa sababu michubuko midogo hukaribisha vijidudu. Usile chakula kwa muda ulioambiwa. Kwa kawaida si chini ya saa 6, na zaidi kama chakula kilikuwa cha mafuta. Fuata muda huo hata kama njaa inauma. Chakula kilichomo tumboni kinaweza kurudi na kuingia kwenye mapafu.

JE, KUWEKEWA WAVU NI SALAMA?

Mara nyingi daktari huweka wavu maalumu kuimarisha ukuta wa tumbo. Wengine hushtuka wakisikia hivyo. Wavu huo hukaa humo daima, na nyama huota kuuzunguka. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302. Baadhi yao waliwekewa wavu wa bei kubwa, wengine wavu wa bei nafuu uliotengenezwa kwa kitambaa cha aina ya chandarua. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa na matokeo yanayokaribiana. Lakini tuelewane: kitambaa hicho kiliandaliwa maalumu na kuuliwa vijidudu kwa mitambo. Chandarua chako cha nyumbani ni cha kulalia.

BAADA YA KUPASULIWA

Siku ya kwanza. Ukipigwa ganzi ya mgongo, miguu itakuwa mizito kwa saa chache. Usisimame bila msaada. Ukishindwa kukojoa, mwambie muuguzi mapema. Ganzi ikiisha, anza kutembea polepole siku hiyo hiyo; kulala tu kunaweza kugandisha damu miguuni.

Kuinuka kwenye mkeka. Usiinuke moja kwa moja kwa nguvu za tumbo. Geuka ubavu, kunja magoti, kisha jisukume kwa mikono. Ukitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, bana kidonda kwa kitenge kilichokunjwa.

Kidonda. Kiache kikavu kwa saa 48 za kwanza. Baada ya hapo, kama muuguzi amekuruhusu, osha taratibu kwa maji safi na sabuni, kausha kwa kitambaa safi. Usipake majivu, chumvi, majani, dawa ya meno wala unga wa vidonge. Rudi siku uliyopangiwa kutolewa nyuzi.

Maumivu. Tumia dawa kama ulivyoandikiwa. Kwa parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asizidi vidonge 8 kwa saa 24.

Chakula. Kunywa maji ya kutosha, kula maharage na mboga za majani ili choo kiwe laini. Usijikamue chooni.

Kazi. Kutembea ni dawa, mizigo ni sumu. Kwa wiki 6, au muda atakaokuambia daktari, usibebe kitu kinachozidi kilo 5, yaani dumu dogo la lita 5. Usilime, usipasue kuni, usifyatue matofali. Mama, usimbebe mtoto mgongoni. Kaa chini, uletewe mtoto mapajani. Tendo la ndoa lisubiri mpaka maumivu yaishe, kwa kawaida baada ya wiki 2 hivi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wiki ya pili maumivu yamepungua, foleni ya maji ni ndefu, mtu anaona aibu kuendelea kuhudumiwa. Anabeba dumu. Ngozi imefunga kwa nje, lakini ndani nyama bado haijashikana. Ngiri inaweza kurudi, na safari ikaanza upya.

RUDI KITUONI HARAKA UKIONA:

- Usaha, damu isiyokoma, au wekundu unaosambaa.
- Homa, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua.
- Mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi inakata.
- Kutapika na tumbo kujaa.

Uvimbe kidogo na weusi kuzunguka mshono, hata kwenye korodani, ni kawaida na huisha polepole.

JIKUMBUSHE

1. Taja dalili nne za ngiri iliyobanwa.
2. Kwa nini hatujinyoi kwa wembe?
3. Nani atakayekuchotea maji kwa wiki 6?

Swali la tatu halina jibu katika karatasi hii. Jibu lake liko nyumbani kwako na kwa jirani yako. Na kama wewe ndiye jirani wa mtu aliyepasuliwa, usingoje kuombwa: chukua dumu lake pamoja na lako.