Rangi Imefifia, au Tunaosha Vibaya?

Wanachuo wenzangu, leo tuzungumzie jambo ambalo hosteli nzima tunalifanya ila hatulisomi: rangi ya nywele. Unapaka kanta leo, wiki mbili haziishi imefifia, unapaka tena. Mimi nilidhani nauziwa rangi feki. Kumbe shida ilikuwa kwenye beseni langu la kuoshea.

Niligundua nikiwa fildi. Nilikuwa nafundisha kemia kidato cha tatu huko Mugumu, wilayani Serengeti, mada ya asidi na besi. Tuliyeyusha kipande cha sabuni ya mche, karatasi nyekundu ya litmasi ikageuka bluu. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Madam, sasa hiyo kichwani inafanya nini?" Siku hiyo sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma.

Unywele kwa nje una magamba yaliyolaliana kama mabati ya paa. Rangi ya kudumu mara nyingi huwa na amonia, ambayo huyainua magamba hayo, kisha haidrojeni peroksaidi huiivisha rangi kwa ndani. Magamba hutulia kwenye asidi kidogo, pH kama 4 hadi 5. Sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10. Ukiosha nayo, magamba yanainuka na rangi inatoka. Ule weusi unaouona kwenye beseni ni hela yako inamwagika.

Basi, fanya hivi:

1. Ukishapaka na kusuuza, kaa siku 3 bila kuosha tena.

2. Osha mara 1 kwa wiki, kwa shampuu ya nywele zenye rangi, halafu kondishena. Sabuni ya mche iache ifue nguo.

3. Tumia maji ya baridi au vuguvugu. Najua baridi ya asubuhi ya Tarime, lakini maji ya moto huharakisha rangi kutoka.

4. Kama maji ya kisima chenu hayatoi povu, kinga ya mvua. Maji magumu yanakulazimisha kuongeza sabuni.

5. Juani funga kilemba. Mwanga wa jua huipausha rangi.

6. Usirudie kichwa kizima. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Mvi zinazochungulia chini si rangi iliyofifia, ni nywele mpya. Paka mashina tu.

Hiyo namba 6 ndiyo iliyonipandisha gari kwenda kwa shangazi yangu, Tarime mjini, anakouza ndizi sokoni. Yeye alikuwa anapaka kichwa kizima kila wiki mbili. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikamfundisha kama niko darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akafungua kitambaa. Nyuma ya masikio ngozi ilikuwa imevimba na inatoa majimaji.

"Nilijua inawasha kwa sababu ni kali, mwanangu. Si ndiyo inashika?"

Tulienda hospitali. Akaambiwa ni mzio, asiiguse tena hata kidogo. Yaani somo langu lote halikumfaa tena.

Rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo PPD. Mwili unaweza kuivumilia kwa miaka, siku moja ukaikataa, na ukishaikataa, kupunguza kipimo si dawa. Kwa hiyo kabla ya kupaka, kila mara, hata kama ni rangi ileile, jaribu tone dogo kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko na usubiri saa 48. Pakiwasha au pakivimba, hiyo rangi si yako. Na kuwashwa siyo dalili kwamba rangi imeshika.

Shangazi sasa anauza ndizi na mvi zake. Wenzake sokoni walimtania kama wiki hivi, wakachoka. Binti yake ndiye aliyechukua karatasi yangu ya hatua 6, naye akaongeza ya saba juu kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Jaribu kwanza."

Na yule mwanafunzi wa Mugumu nilimjibu kipindi kilichofuata. Darasa zima liliandika.