Asili ya Baiskeli ya Kike

Katika mji wetu wa Babati baiskeli iliyoshushwa bomba la juu huitwa "ya kike", na mwanamume akionekana juu yake huchekwa. Likizo iliyopita jambo hili lilifika nyumbani kwetu. Babu yangu aliumia nyonga, akawa hawezi kuinua mguu kupita juu ya tandiko, akaacha kwenda shambani Bonga. Nikamwambia, "Babu, chukua ya dada." Akajibu, "Mjukuu wangu, bora nitembee." Na kutembea alikuwa hawezi.

Basi nikatafuta asili ya jina hilo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iitwayo Rover, ambayo gurudumu lake la nyuma lilizungushwa kwa mnyororo kama zetu. Haikupita miaka mingi wanawake wa huko nao wakataka kupanda, lakini sketi zao zilifika chini. Mafundi wakashusha bomba. Sababu ni nguo tu. Mzee wa pwani mwenye kanzu hupata taabu ile ile, wala hakuna amwitaye mwanamke.

Hata hivyo kushusha bomba kuna hasara yake. Chukua vijiti vitatu, uviunge kwa msumari mmoja kila pembe: pembetatu hiyo haibadiliki umbo mpaka kijiti kivunjike. Fanya vivyo hivyo kwa vijiti vinne, usukume kidogo tu, vitalala upande. Fremu ya kawaida imejengwa kwa pembetatu, ndiyo maana hubeba gunia la mahindi bila kuyumba. Iliyo wazi hulegea mzigo ukizidi. Wafaransa walishika njia ya kati, fremu iitwayo mixte, yaani ya mchanganyiko: mabomba mawili membamba hutoka chini ya usukani yakashuka moja kwa moja hadi ekseli ya nyuma, na pembetatu ikarudi. Hapa kwetu sijaiona.

Lakini Babu habebi gunia. Hubeba jembe na kidumu cha maji. Nilivipigilia vijiti vile mbele yake uani, akavisukuma mwenyewe mara mbili tatu, asiseme neno. Siku ya nne alitoka na baiskeli ya dada alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Alirudi saa tano, jua likiwaka, akapita sokoni kengele ikilia. Waliocheka walicheka, naye akawauliza kama kuna mwenye nyonga ya kumwazima.