Mafuta ya Damu: Sahani Yetu na Jasho Letu



Msimu wa karafuu ukifika kila mtu hutoka jasho: huyu yu juu ya mti, yule achukua gunia, wengine waanika. Msimu ukipita wengi wetu hukaa barazani, lakini sahani zetu hazipungui. Kwa hiyo tumeona yafaa leo tuzungumze juu ya mafuta ya damu.

Mafuta hayo ni namna mbili. Ya kwanza ni lehemu, ambayo madaktari huiita kolesteroli. Mwili wahitaji lehemu, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Ile iitwayo mbaya hujibandika katika mishipa ya damu na kuiziba kidogo kidogo. Ile njema hurejeshwa kwenye ini. Namna ya pili ni trigliseridi, mafuta ambayo mwili huweka akiba. Sukari nyingi na mwili kutofanya kazi huyazidisha.

Hatari yake ni kuwa mwenye mafuta mengi haumwi popote. Mara nyingine dalili ya kwanza ni moyo kushtuka ghafula, au kupooza upande mmoja.

Na nazi je? Tuwatazame wenzetu wa visiwa vya Pasifiki, ambao nao hula nazi kila siku. Mwaka 1981 wataalamu walitangaza habari za Pukapuka na Tokelau. Watu wa Pukapuka walipata kwa nazi sehemu 34 katika kila 100 za nguvu ya chakula chao. Watu wa Tokelau sehemu 63. Waliokula nazi zaidi walikutwa na lehemu zaidi. Hata hivyo maradhi ya moyo yalikuwa machache kote kuwili, na sukari walikula kidogo. Lakini Watokelau waliohamia New Zealand walipunguza nazi, wakazidisha sukari. Lehemu yao mbaya na trigliseridi zikawa nyingi kuliko za ndugu zao waliobaki, na lehemu njema ikawa pungufu.

Basi tusidanganyane. Nazi huongeza lehemu, lakini haina hatia peke yake. Na jasho nalo lina mpaka wake: hupunguza trigliseridi na kuongeza kidogo lehemu njema, lakini lehemu mbaya huishusha kidogo tu. Hiyo hushushwa zaidi na sahani. Kwa hiyo yatupasa kushika yote mawili.

Kwanza, tui zito lisiwe la kila siku. Tupike mara nyingi kwa tui jepesi. Pili, tuzidishe kunde, choroko, mbaazi, mboga na samaki, na tupunguze mandazi, vitumbua na sukari ya chai. Tatu, msimu ukiisha tusiache jembe. Shirika la Afya Duniani lashauri dakika 150 kwa juma, au zaidi, za mwendo wa haraka au kazi kama hiyo. Kupalilia mikarafuu na kwenda shamba kwa miguu vyote vyahesabika.

Mwisho, kila mwenye umri wa makamo aende akapimwe damu. Na aliyepewa dawa na daktari asiiache kwa sababu ya makala hii. Mikarafuu hungoja miaka mingi kabla ya kuzaa. Nasi twataka wenyewe wawepo kuichuma.