Somo la 41: Namba isiyokubali kugawanyika

Mtoto ana maharagwe 12. Ayapanga mezani: mistari 2 ya maharagwe 6, ao mistari 3 ya maharagwe 4. Hakuna linalobaki. Mpe harage moja tena, yawe 13. Apange mistari 2, moja linabaki. Apange mistari 3, moja linabaki. Apange 4, vile vile. Maharagwe 13 yanakubali mstari mmoja tu. Namba ya namna hii inaitwa namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Kwa namba ndogo kazi ni nyepesi. Lakini tazama hii: 2 147 483 647. Inapatikana hivi: andika 2 mara 31, uzizidishe zote pamoja, halafu toa 1. Mwaka wa 1644, huko Paris, Padri Marin Mersenne aliitia katika orodha ya namba tasa. Lakini hakuonyesha namna ya kuihakikisha. Je, yafaa kusadiki kwa sababu msemaji ana elimu?

Leonhard Euler, mtu wa Uswisi, alitaka kujua kwa hakika. Alikaa Petersburg, katika nchi ya Urusi. Macho yake yalikuwa karibu kupofuka, lakini akili yake iliona vema. Alifikiri hivi: kama namba hiyo imetoka kwa namba mbili zilizozidishwa, iliyo ndogo haipiti 46 340. Maana 46 341 mara 46 341 inazidi tayari.

Kujaribu namba hizo zote kungechosha. Basi aliendelea kufikiri, akaona kwamba kila namba iwezayo kuigawanya ile kubwa, ikigawanywa kwa 248, lazima ibakize 1 ao 63. Hivyo zilibaki namba zisizofika 400. Hakuna hata moja iliyoigawanya bila baki. Kufika mwaka wa 1772 Euler alikuwa amehakikisha: 2 147 483 647 ni tasa.

Basi Mersenne alisema kweli? Juu ya namba hii, ndiyo. Lakini katika orodha ile ile alitia pia namba inayotoka kwa 2 zilizoandikwa mara 67, kasoro 1. Kosa hilo lilikaa zaidi ya miaka 200. Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba si tasa. Mwaka wa 1903 Frank Nelson Cole wa Marekani alitoa sehemu zake: 193 707 721 mara 761 838 257 287.

Mwenye elimu aweza kukosa. Mwanafunzi anayenakili jibu la jirani hajui kama amepata lile la 31 ao lile la 67. Anayejaribu mwenyewe anajua.

MAULIZO
1. Kwa nini 13 ni namba tasa, na 12 si tasa?
2. Andika 2 mara 5, uzizidishe, toa 1. Je, jibu ni namba tasa?
3. Fanya vile vile kwa 2 zilizoandikwa mara 11. Kisha gawanya jibu kwa 23. Umeona nini?