ALAMA ZA VYAKULA: TUSIHARAMISHE KWA KUSIKIA

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, mwaka huu baadhi yenu mlituletea orodha ya namba zinazoanza na herufi E, mkitaka kujua kama kweli zote ni haramu na zinaleta saratani. Mtoto wetu mmoja alikwisha iamini. Alikwenda ugenini, akakataa biskuti na kuwaambia wenyeji wake kuwa wanakula nguruwe. Jambo hili lilitusikitisha. Kuharamisha bila ya elimu ni kumzulia Mwenyezi Mungu uongo, nasi tumeonywa katika Suratun-Nahl, aya ya 116.

E ni utambulisho tu, uliotokana na utaratibu wa nchi za Ulaya. E300 ni vitamini C. E330 ni asidi ile ile iliyomo katika ndimu. E500 ni jamii ya magadi ambayo mama zetu hutia kwenye maharage! Uvumi huu nao ni mkongwe: katika miaka ya 1970 karatasi ya namna hii ilisambaa Ufaransa kwa jina la hospitali ya Villejuif, ikiitaja E330 kuwa hatari kabisa. Hospitali iliikana, lakini watu waliendelea kuitoa nakala. Na chumvi ya dukani huongezwa madini joto ili kutukinga na goita, nasi twaila kila siku.

Zipo za kuuliza. E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu, na wanazuoni wamekhitalifiana juu yake. E471 yaweza kutoka katika mimea au mnyama, namba yenyewe haisemi. Jelatini hutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Hapo tafuta alama ya halali au maelezo ya asili yake. Ukikosa, jiepushe na shubuha. Lakini kujizuia wewe ni jambo moja, kumhukumu mwenzako ni jingine.

Wengine hukosea upande wa pili, wakidhani chakula cha kilimo hai lazima kiwe halali. Alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2007, inaeleza namna zao lilivyolimwa: bila mbolea wala dawa za viwandani, na wakaguzi wakathibitisha. Sisi wa Kyela tunayajua mambo haya kwa kakao. Haisemi neno juu ya halali. Ulaya hata mvinyo huuzwa kwa alama ya kilimo hai. Wala mpunga wa jirani usio na alama si mchafu, pengine hakumudu gharama za ukaguzi.

Alama ni ushahidi. Anayechanganya kakao iliyopigwa dawa katika gunia la kilimo hai, au anayeandika "Mchele wa Kyela" juu ya mchele wa kwingine, ameshuhudia uongo. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha, na akasema kuwa mwenye kughushi si katika sisi.

Yule mtoto tulikwenda naye kuomba radhi. Mama mwenye nyumba alikuwa bado anayo pakiti, tukaisoma pamoja naye: E500, na E322 iliyoandikwa kuwa ni ya soya.

Wabillahi tawfiq.